Mashine Inapokataa Amri: Wajibu wa Fundi na Katibu wa Chama

Mashine ndogo za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta zilitengenezwa kwanza kwa ajili ya watu wanaochonga majumbani kwa kujifurahisha. Siku hizi zinauzwa kwa bei ambayo hata chama kidogo cha mafundi seremala kinaweza kuimudu. Mojawapo iliyo maarufu huitwa 3018, kwa kuwa eneo linalochongwa juu ya meza yake ni sentimita 30 kwa sentimita 18. Mashine ya namna hiyo huandika majina juu ya vibao, huchonga nakshi, hutoboa matundu na kukata vipande vinavyolingana. Lakini chama kinachonunua mashine hununua na lugha yake pia. Iwapo lugha hiyo haikueleweka vema, mbao za chama huharibika, biti huvunjika, na mwishowe kamati hukaa kuamua nani alipe hasara ambayo hakuna aliyeikusudia.

Aghalabu lawama humwangukia fundi aliyekuwa amesimama karibu na mashine. Huenda lawama hiyo ni ya haki. Huenda pia si ya haki hata kidogo, kwa sababu kosa lilikuwa ndani ya faili kabla fundi hajawasha mota. Ili kamati iweze kutenda haki, yapasa katibu na wanachama wafahamu jambo moja: hutokea nini pale mashine inapopewa amri isiyoijua, na lipi lifanyike.

LUGHA YA MASHINE

Mashine hizi huongozwa kwa maandishi yaitwayo msimbo wa G. Kila mstari wa maandishi hayo ni agizo, na kila agizo hujengwa kwa herufi na nambari. Herufi X huonyesha mwendo wa kulia na kushoto, Y mwendo wa mbele na nyuma, na Z mwendo wa juu na chini. Herufi G huonyesha namna ya kwenda. Herufi M huhusu mambo kama kuwasha na kuzima mota inayozungusha biti. F ni kasi ya kuchonga, na S ni kasi ya mzunguko wa biti. Mathalani, mstari huu:

G1 X50 Y20 F300

maana yake ni: nenda kwa mstari ulionyooka hadi mahali penye milimita 50 kwa X na milimita 20 kwa Y, kwa mwendo wa milimita 300 kwa dakika.

Lugha hii haikuanza jana. Mashine ya kwanza ya kuchonga chuma iliyoongozwa kwa nambari ilionyeshwa hadharani mwaka 1952 katika chuo cha MIT huko Marekani. Miaka ilipopita, kila kiwanda kilijiongezea amri zake, hata mwaka 1980 Wamarekani walipokamilisha kanuni ya pamoja iitwayo RS-274-D. Hata hivyo kanuni hiyo haikuondoa tofauti zote. Msimbo wa G umebaki kama Kiswahili chenye lahaja zake: Mwamu, Mvita na Muunguja husikilizana kwa mengi, lakini yako maneno ambayo mmoja huyatumia kila siku na mwenziwe hayajui.

Mashine nyingi ndogo, pamoja na hizo za 3018, hutumia lahaja ya programu iitwayo Grbl. Programu hiyo ilianzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norwei, ikakusudiwa kukaa ndani ya kidhibiti kidogo cha Arduino ambacho kumbukumbu yake ya kuhifadhia programu ni kilobaiti 32 tu. Katika nafasi finyu kama hiyo haikuwezekana kutia kila amri inayotumiwa na mashine kubwa za viwandani. Kwa hiyo ziko amri ambazo ni halali kabisa katika msimbo wa G, lakini kwa mashine ndogo ni kama lugha ya kigeni.

Amri hizo huingiaje katika kazi ya chama? Fundi huchora umbo katika kompyuta, kisha programu ya kuchorea huugeuza mchoro kuwa msimbo wa G. Katika hatua hiyo programu hutaka iambiwe ni mashine ya aina gani itakayopokea faili. Fundi asipochagua Grbl, programu huweza kuandika faili kana kwamba itapelekwa kwenye mashine kubwa ya kiwandani yenye uwezo wa kujibadilishia biti. Vilevile faili iliyonunuliwa, au iliyoazimwa kutoka kwa fundi mwingine, huenda iliandikwa kwa mashine tofauti kabisa.

MAANA YA KUKATALIWA KWA MSTARI

Kompyuta huipelekea mashine mistari mmoja baada ya mwingine. Kwa kila mstari iliouelewa, Grbl hujibu “ok”. Ikikutana na amri isiyoijua, hujibu “error:20”. Jibu hilo lisichanganywe na mengine. Jibu la “error:22”, kwa mfano, huonyesha kwamba kasi ya kuchonga haikutajwa, na “error:33” huhusu kosa katika hesabu za mwendo, hasa wa duara. Nambari 20 ndiyo inayosema: amri hii haimo katika lugha yangu.

Hapa pana mambo mawili ambayo kila mtumiaji hana budi kuyashika.

La kwanza, mashine hukataa mstari mzima. Haichukui maneno inayoyajua na kuacha lile moja isilolijua. Kama ndani ya mstari huo mlikuwa na agizo la kuinua biti, basi biti haitainuliwa.

La pili, baada ya kukataa, Grbl yenyewe haifungi kazi. Husubiri mstari unaofuata na kuutekeleza. Kama kazi itasimama au itaendelea, hilo huamuliwa na programu ya kutuma iliyomo katika kompyuta. Hata ile programu inayosimama mara ionapo kosa huenda ilikwisha kutuma mistari michache mingine, ambayo tayari imo ndani ya kidhibiti ikingoja zamu.

Hatari basi haimo katika kukataa, bali katika kuendelea baada ya kukataa. Ni kama karani wa mizani ambaye katika orodha ya kupokelea mazao amekuta mstari asioweza kuusoma, akauruka na kuendelea kupima. Magunia ya mkulima anayefuata yakaandikwa chini ya jina la aliyetangulia, na hadi jioni hesabu yote imepotoka, ijapokuwa kila gunia lilipimwa sawasawa.

Na uangaliwe mfano huu:

G43 H1 Z15
G0 X80 Y40
G1 Z-3 F150

Mstari wa kwanza huagiza mashine ihesabu urefu wa biti nambari 1, kisha iinue biti hadi milimita 15 juu ya ubao. Mstari wa pili huagiza iende haraka hadi mahali pa kazi. Mstari wa tatu huagiza ishuke milimita 3 ndani ya ubao. Grbl haiijui amri ya G43 iliyoandikwa hivyo, kwa hiyo huukataa mstari wote wa kwanza pamoja na ile Z15. Ikiwa fundi alikuwa ameishusha biti hadi iguse ubao ili kuweka sifuri, kama ilivyo desturi, basi katika mstari wa pili biti itakokotwa juu ya ubao kwa mwendo wa kasi. Ikikutana na kibano kilichoshika ubao, itavunjika. Atakayeona ubao uliokwaruzwa atasema fundi hakuwa makini, ilhali aliyekosa ni yule aliyeitayarisha faili.

AMRI ZA NAMNA TATU

Wengi hufanya jambo lililo jepesi: hufungua faili, hufuta mstari uliokataliwa, na kujaribu tena. Kufuta huondoa malalamiko ya mashine, lakini hakufanyi kazi iliyokuwa imeagizwa na mstari ule. Kabla ya kufuta, fundi ajiulize: amri hii ilitaka kitendeke nini? Kwa kufuata jibu la swali hilo, amri zinazokataliwa zaweza kugawanywa katika namna tatu.

Namna ya kwanza ni amri zinazoweza kuondolewa bila madhara. Miongoni mwake ni G64, inayoruhusu mashine kulainisha kona ili isipunguze mwendo. Grbl hufuata njia kama ilivyoandikwa, na kukosekana kwa amri hiyo hakubadili vipimo vya kazi. Hali kadhalika M7, inayofungua mvuke wa kupoza biti, haina maana kwa mashine isiyo na kifaa hicho. Hata hivyo amri inayoondolewa ni hiyo peke yake. Kama katika mstari huo mna X, Y au Z, hizo zibaki.

Namna ya pili ni amri zinazopasa kubadilishwa kwa maneno ambayo mashine inayajua. G43 katika mfano wa juu ni mojawapo. Ikiwa kila mara fundi huweka sifuri ya Z kwa biti ile ile iliyofungwa, fidia ya urefu haihitajiki. Mstari utaandikwa G0 Z15, na biti itainuliwa kama ilivyokusudiwa.

Amri za kutobolea, yaani G81, G82 na G83, nazo ni za namna hii. Katika mashine kubwa mstari mmoja wa G81 hutosha kuagiza biti ishuke, itoboe na kupanda. Baada yake huandikwa mahali tu pa matundu yanayofuata. Grbl ikiukataa mstari huo wa kwanza, mistari inayofuata yenye X na Y peke yake haikataliwi. Mashine huyapitia mahali pote palipotakiwa matundu bila kutoboa hata moja. Dawa yake ni kuyaandika matendo yote kwa urefu. Kwa matundu mawili yenye kina cha milimita 6 itaandikwa hivi:

G0 Z5
G0 X10 Y10
G0 Z2
G1 Z-6 F100
G0 Z2
G0 X30 Y10
G1 Z-6 F100
G0 Z5

Ikiwa amri ilikuwa G83, ambayo hutoboa kidogo kidogo ili kutoa vumbi, basi badala ya kushuka milimita 6 kwa mara moja biti ishuke 2, ipande, ishuke 4, ipande, kisha imalize 6. Kazi hii ya kurefusha si lazima ifanywe kwa mkono. Programu ya kuchorea ikielezwa kwamba mashine ni ya Grbl, huifanya yenyewe.

Amri ya kubadili biti, M6, yataka uangalifu zaidi. Mashine ndogo haina mkono wa kujibadilishia biti. M6 ikikataliwa na kazi ikaendelea, biti nene iliyokata kingo ndiyo itakayoandika herufi nyembamba za jina la mteja. Hata fundi akiwahi kusimamisha kazi na kubadili biti, bado yuko hatarini asipoweka upya sifuri ya Z. Biti mpya ikijitokeza milimita 4 zaidi ya ile ya kwanza, mchongo wa milimita 3 utakuwa wa milimita 7, na ubao mwembamba utatobolewa hadi meza ya mashine.

Njia iliyo salama ni kuigawa kazi katika mafaili, kila biti na faili yake. Faili ya kwanza ikiisha, biti iinuliwe na mota izimwe. Biti ibadilishwe, kisha sifuri ya Z iwekwe upya bila kugusa sifuri za X na Y. Karatasi nyembamba huwekwa juu ya ubao, na biti isiyozunguka hushushwa polepole hadi karatasi ianze kushikwa. Hapo ndipo amri ya G10 L20 P1 Z0 hutolewa. Kila faili ianze kwa kutaja upya G21 kwa milimita, G90 kwa vipimo vya kutoka sifuri, G54 kwa mahali pa kazi, pamoja na kasi na kuwashwa kwa mota, isitegemee kilichobaki katika kumbukumbu ya mashine. Baadhi ya programu za kutuma huizuia M6 zenyewe na kumngoja fundi. Chama chenye programu ya namna hiyo kwanza kiijaribu bila ubao, ndipo kiitegemee.

Namna ya tatu ni amri ambazo zikikataliwa, faili yote yapasa kurudishwa kwenye mchoro. Hizo ni G41 na G42. Katika mashine kubwa amri hizi huisogeza njia ya biti pembeni kwa nusu ya kipenyo chake, ili kipande kitoke kwa kipimo cha mchoro. Zikifutwa tu, biti itapita juu ya mstari wenyewe wa mchoro. Biti ya milimita 6 itakula milimita 3 kila upande, na kipande kilichotakiwa kuwa na upana wa milimita 100 kitakuwa na milimita 94. Mashine haitatoa malalamiko yoyote, ila vipande havitaungana. Hesabu ya kusogeza njia ifanywe na programu ya kuchorea, na faili iandikwe upya.

KUKAGUA KABLA YA KUCHONGA

Kama vile hesabu za chama zinavyokaguliwa kabla ya kupelekwa mbele ya mkutano mkuu, faili nayo ikaguliwe kabla ubao haujafungwa mezani. Grbl inayo njia yake ya ukaguzi. Fundi akituma alama $C, mashine huingia katika hali ya kukagua. Faili ikitumwa, kila mstari husomwa na kujibiwa, lakini hakuna kinachotembea. Mistari yote itakayojibiwa “error:20” iandikwe. Ukaguzi ukiisha, $C hutumwa tena, na mashine hujianzisha upya.

Ukaguzi huu hutambua lugha tu, hautambui busara. Hautajua kwamba kibano kimewekwa njiani, wala kwamba kina kimezidi unene wa ubao. Ziko pia amri zinazokubaliwa ambazo bado huweza kudhuru. G28 huipeleka biti mahali palipohifadhiwa katika kumbukumbu. Kwa mashine isiyo na swichi za kutambua mwanzo, na ambayo mahali hapo hapajawekwa na mtu, biti hurudi pale ilipokuwa mashine ilipowashwa, nayo huenda njiani mna ubao au kibano. Kwa hiyo baada ya $C faili ipitishwe mara moja hewani: sifuri ya Z iwekwe juu kuliko kina kikubwa cha kazi hiyo, na fundi atazame njia yote ya biti. Akishatosheka, aiweke sifuri mahali pake na kuanza kazi.

Kazi inapokwenda, fundi asiondoke. Avae miwani ya kukinga macho, na swichi ya kuzima umeme iwe karibu na mkono wake. Jibu la kukataa likitokea kazini, mwendo usimamishwe na mota izimwe. Fundi asiendelee kwa kubahatisha kuanzia mstari unaofuata. Biti iinuliwe, faili isahihishwe, na kazi ianzwe upya toka mwanzo au toka mahali palipo salama.

KITABU CHA MASHINE

Inashauriwa kila chama chenye mashine ya namna hii kiwe na daftari maalumu lenye safu zifuatazo:

1. Tarehe na jina la faili.
2. Aliyetayarisha faili na aliyeendesha mashine.
3. Nambari ya mstari uliokataliwa na amri yenyewe.
4. Kazi iliyokusudiwa na amri hiyo.
5. Hatua iliyochukuliwa: kuondoa, kubadilisha, au kurudisha kwenye mchoro.
6. Matokeo, pamoja na mbao au biti zilizoharibika.
7. Sahihi ya fundi, na mwisho wa mwezi sahihi ya katibu.

Faili ya asili isifutwe wala kuandikwa juu yake. Iliyosahihishwa ipewe jina jingine lenye tarehe, ili zote mbili ziweze kulinganishwa. Fundi aliyekuta amri ngeni akaandika dawa yake amewaokoa wenzake wote, kwani amri zile zile hujirudia. Baada ya muda chama kitakuwa na orodha yake ya amri na dawa zake, na mwanachama mpya atajifunza kwa kusoma badala ya kuvunja biti.

Katibu asidhani kwamba mambo haya ni ya fundi peke yake. Yeye hahitaji kujua kuendesha mashine, lakini anahitaji kujua kuuliza. Ubao ukiharibika, aulize kwanza: faili ilikaguliwa kwa $C? Mashine ilijibu nini, na katika mstari gani? Nani aliibadilisha faili, na iko wapi ile ya asili? Majibu yakiwamo daftarini, kamati itaweza kutenganisha kosa la aliyeandika faili na kosa la aliyeendesha mashine, na haitamkata mtu ujira wake kwa dhana. Yasipokuwamo, basi upungufu wa kwanza si wa fundi wala wa mashine, bali ni wa uongozi uliopokea mali ya wanachama bila kuiwekea kumbukumbu.